Herufi D kwenye kisanduku cha mtalii: dereva, mafua ya mzio na presha iliyopanda

Alifika mwishoni mwa Novemba, saa moja asubuhi, kabla hatujamaliza kufuta kaunta. Ni dereva wa watalii, umri miaka 52, mteja wetu wa siku nyingi hapa Arusha. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ya mtu aliyebanwa pua kwa vidole. Kisha akasema kilichomleta: "Dokta, nipe ile dawa ya matone, chupa mbili. Na kitu cha kunisaidia usingizi."

Maombi hayo mawili yakija pamoja, mfamasia anapaswa kuacha anachofanya. Pua imeziba na usingizi umepotea. Niliweka kitambaa chini nikamwomba akae.

Nasimulia kwa ruhusa yake, na nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kila dawa aliyotumia ilikuwa na sababu yake, na hakuna hata moja iliyokuwa bandia au iliyopitwa na muda. Shida ilikuwa katika jinsi zilivyokutana.

Kila mwaka, tangu miaka sita hivi iliyopita, mvua za vuli zikikaribia dereva huyu hupatwa na mafua yasiyofanana na ya wengine nyumbani. Anapiga chafya kumi mfululizo akiamka. Macho yanawasha, kaakaa linawasha kwa ndani hadi anataka kulikuna kwa ulimi, pua inachuruzika maji meupe kama ya bomba. Homa hana, mwili haumuumi, na hali hiyo haiishi kwa wiki moja kama mafua ya kuambukizwa. Inakwenda hadi Januari. Muwasho, majimaji mepesi na kurudi msimu uleule kila mwaka ni dalili za mzio, na hapo sikuwa na shaka kubwa.

Yeye analaumu mijakaranda. Karibu kila mtu Arusha anailaumu, kwa kuwa Oktoba na Novemba mji mzima unakuwa zambarau na wakati huohuo watu wanaanza kupiga chafya. Naitetea miti hii kila mwaka na sijachoka. Mjakaranda huchavushwa na nyuki. Chavua yake ni nzito na inanata, haikuumbwa kusafiri kwa upepo ikaingie puani mwa mtu aliye mtaa wa pili. Chavua inayosumbua pua ni ile nyepesi inayotolewa kwa wingi na mimea inayotegemea upepo: nyasi za aina nyingi, misaipresi, magugu ya kando ya barabara. Maua ya nyasi hakuna anayeyaona, kwa hiyo hakuna anayeyalaumu. Na dereva huyu hushinda kwenye nyasi. Anaendesha gari lililofunguliwa paa ili wageni wasimame na kupiga picha, kwenye barabara ya vumbi kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi la kuingilia Serengeti, saa sita hadi nane kwa siku. Kila anachokivuta huko kinaingia moja kwa moja.

Nikamuuliza anatumia nini. Akanitajia kitu kimoja, matone. Nikamuuliza tena, safari hii hivi: "Kwenye gari una nini? Kwenye begi? Kando ya kitanda?" Akatoka, akarudi na mfuko wa nailoni.

Tulivipanga juu ya kaunta kimoja kimoja. Chupa ya matone yenye oksimetazolini, imebaki tone. Kopo la Piriton, yaani klofeniramini miligramu 4. Pakiti ya vidonge vya mafua vya kawaida, ambavyo ndani yake mna parasetamoli, klofeniramini tena, na fenilefrini. Amlodipini miligramu 5 ya presha, ambayo anaimeza kila asubuhi bila kukosa. Na kisanduku kizuri chenye maandishi ya Kiingereza, ambacho mgeni mmoja wa Marekani alimwachia baada ya safari kwa kumhurumia. Jina la dawa lilimalizika kwa herufi D, kifupi cha neno la Kiingereza la dawa ya kuzibua pua. Ndani yake kila kidonge kina setirizini miligramu 5 na sudoefedrini miligramu 120, kinachoachia dawa taratibu kwa saa 12.

Kuhusu kisanduku hicho alisema: "Hiki ndicho kilichonisaidia kuliko vyote."

Namwamini. Tena hapo ndipo ugumu wa kisa hiki ulipo. Dawa ya D ilimsaidia kweli.

Mwili wenye mzio ukikutana na chavua, seli fulani zilizotanda kwenye ngozi laini ya pua hupasua vifuko vyake na kumwaga histamini. Histamini inagusa mishipa ya fahamu, mtu anawashwa na kupiga chafya. Inagusa tezi za pua, maji yanatoka. Pia inatanua vishipa vya damu, lakini katika kuziba kwa pua haiko peke yake. Kuna kemikali nyingine, na kuna seli za uvimbe zinazofika saa kadhaa baadaye na kukaa. Kwa hiyo dawa ya kuzuia histamini, iwe Piriton, setirizini, loratadini au feksofenadini, inatuliza vizuri chafya, muwasho na maji, lakini pua iliyoziba inaifungua kidogo tu. Wagonjwa wanalijua hili kabla yetu. Wanasema, "chafya zimeisha ila pua bado imekaza."

Dawa za kuzibua pua zinafanya kazi nyingine kabisa. Sudoefedrini, fenilefrini na oksimetazolini hubana vishipa vya damu vilivyotanuka ndani ya pua, nyama iliyovimba inasinyaa, hewa inapita. Hazizuii chafya wala muwasho. Hapo unaona kwa nini watengenezaji waliziunganisha: moja inafunga bomba, nyingine inafungua njia. Majaribio yameonyesha kwamba mchanganyiko huo hupunguza dalili zote kwa jumla kuliko dawa moja peke yake. Kwa kijana mzima wa afya, kwa siku chache za msimu mkali, ni dawa nzuri na sina ugomvi nayo.

Lakini sudoefedrini haichagui vishipa vya pua peke yake. Ikimezwa inazunguka mwili mzima. Inabana vishipa kwingine, inasukuma moyo uende mbio, inaamsha ubongo, na inakaza misuli ya shingo ya kibofu.

Nikampima. Presha 168 kwa 104. Nikamwacha akae dakika kumi bila kuongea, nikapima mkono wa pili: 164 kwa 102. Mapigo 106 kwa dakika, mtu aliyekaa kitako. Kwenye daftari lake la kliniki, mwezi Agosti alikuwa 134 kwa 84 kwa amlodipini ileile.

Maswali yaliyofuata niliyauliza nikijua ninachotafuta. Maumivu ya kifua? Hapana. Kuona ukungu, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, mkono kufa ganzi? Hapana, kichwa kizito tu tangu wiki iliyopita. Angejibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo tungekuwa tunatafuta gari la kumpeleka hospitali. Kisha nikamuuliza kuhusu haja ndogo. Alitazama mlangoni kuona kama kuna mtu anaingia, akashusha sauti. Mkojo unachelewa kuanza, akasema. Anasimama muda mrefu. Usiku anaamka mara nne. Alidhani ni uzee umeanza.

Na usingizi? Usiku macho yako wazi, moyo unapiga kwenye mto. Mchana anasinzia. Wiki hiyo, karibu na Karatu, gari lilihama kidogo kutoka njia yake na mgeni wa kiti cha mbele akamgusa bega.

Aliponiambia hilo nilinyamaza kidogo. Watu saba walikuwa ndani ya gari hilo.

Tukaanza kufunga hesabu. Dawa ya D alikuwa anameza mbili kwa siku, kama kisanduku kinavyosema: sudoefedrini miligramu 240, ambacho ni kiwango cha juu kabisa cha mtu mzima kwa siku. Akahisi pua bado nzito jioni, akaongeza vidonge vya mafua vitatu kwa siku, kila kimoja na fenilefrini yake. Juu ya hapo oksimetazolini ya puani mara tano, sita. Dawa tatu za kubana vishipa, kwa njia mbili, kwa wakati mmoja. Upande wa pili alikuwa na setirizini ya kwenye D, klofeniramini ya kwenye vidonge vya mafua, na Piriton ya usiku "ili nilale". Dawa za kuzuia histamini nazo ziko mbili, moja kutoka vyanzo viwili. Kwa macho yake alikuwa anatumia vitu vinne vyenye majina manne. Ndani ya mwili zilikuwa familia mbili tu, zimerudiwarudiwa.

Mwenzangu mmoja niliyemsimulia kisa hiki alinipinga kuhusu presha, na hoja yake ina uzito. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba sudoefedrini hupandisha presha ya juu, ile namba ya kwanza ya kipimo, kwa wastani wa milimita 1 tu ya zebaki. Milimita moja haimtoi mtu 134 ikamfikisha 168. Namkubalia kuhusu wastani. Ila wastani unawachanganya ambao presha yao haikusogea kabisa na wale wachache ambao ilipanda sana, na mbele yangu sikuwa na wastani, nilikuwa na mtu mmoja aliyezijumlisha dawa tatu za namna hiyo huku akikosa usingizi wiki tatu. Tangu mwanzoni mwa 2024 wadhibiti wa dawa wa Ulaya wameweka wazi kwamba sudoefedrini haifai kwa mtu mwenye presha kali au isiyodhibitiwa, wala mwenye ugonjwa mkubwa wa figo, kwa sababu ya matukio machache lakini mabaya ya vishipa vya damu vya ubongo. Asubuhi ile presha yake haikuwa imedhibitiwa. Kwangu ilitosha.

Mkojo ulikuwa na maelezo mawili yaliyokutana. Sudoefedrini inakaza mlango wa kibofu. Klofeniramini, kama dawa nyingi za zamani za kuzuia histamini, inalegeza nguvu ya kibofu kusukuma. Mlango umekaza na msukumaji amechoka. Mwanaume wa zaidi ya miaka 50, ambaye huenda tezi dume yake imeanza kutanuka bila yeye kujua, ndiye mtu anayeweza kujikuta usiku mmoja mkojo umegoma kabisa na anakimbizwa kuwekewa mpira wa mkojo.

Kusinzia mchana nako kulieleweka. Watu wengi wanaamini Piriton ya saa tatu usiku inakuwa imeisha asubuhi. Kwa mtu mzima klofeniramini inachukua takriban saa 20 kupungua hadi nusu. Anayeimeza kila usiku anaamka nayo, anawasha gari nayo, na kesho yake anaongeza nyingine juu ya mabaki. Ina uwezo wa kupenya hadi ndani ya ubongo, tofauti na loratadini au feksofenadini ambazo hupenya kidogo sana. Kwa dereva mimi siitoi, hata akiomba kwa jina.

Kuhusu vidonge vya mafua vya kawaida, nina jambo linaloniuma zaidi, kwa kuwa vinauzwa kila kona. Fenilefrini iliwekwa kwenye vidonge vingi baada ya Marekani kupitisha sheria mwaka 2006 ya kuibana sudoefedrini, kwa kuwa inaweza kugeuzwa kuwa dawa ya kulevya ya methamfetamini. Watengenezaji walihitaji mbadala, wakaichukua fenilefrini. Lakini ikimezwa, sehemu yake kubwa inavunjwa kwenye utumbo na ini kabla ya kufika puani. Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilipiga kura, wote 16 kwa kauli moja, kwamba fenilefrini ya kumeza kwa kipimo cha kawaida haizibui pua, na Novemba 2024 mamlaka hiyo ikapendekeza iondolewe kwenye orodha ya dawa za kuzibua pua zinazouzwa bila cheti. Ndiyo maana dereva wetu aliongeza vidonge hivyo asione nafuu, akarudi kwenye matone.

Na matone ndiyo yaliyokuwa yakimziba pua.

Hapa inabidi niseme ukweli kuhusu kaunta yetu. Chupa ile ilikuwa na kibandiko chetu. Ilikuwa ya tatu kununuliwa kwetu kwa muda wa wiki nne, na mojawapo niliuza mimi kwa mkono wangu, foleni ikiwa ndefu, bila kumuuliza ya mwisho ameimaliza lini. Oksimetazolini ya puani ni dawa ya siku tatu, tano zikizidi. Ikipitiliza hapo, vishipa vya pua vinaizoea: dawa ikiisha nguvu vinatanuka kuliko mwanzo, pua inaziba zaidi, mtu anaongeza tone, na kila tone linatumika muda mfupi kuliko lililopita. Wiki ya nne mzio wake wa nyasi ulikuwa shida ndogo kuliko chupa niliyomuuzia. Nilimwambia hivyohivyo. Akacheka kidogo, akasema, "Basi tuko wawili kwenye hili gari."

Nilimwandikia barua ya kwenda kliniki yake siku hiyohiyo, nikaeleza vipimo na orodha nzima, nikaomba wamwangalie na tezi dume. Kisanduku cha D, Piriton na vidonge vya mafua tulikubaliana aviache kaunta. Safari ya kesho yake alimpa dereva mwenzake. Hilo lilimuuma kuliko yote, maana siku bila safari ni siku bila bahashishi.

Badala yake nilimpa loratadini miligramu 10, kidonge kimoja asubuhi. Na dawa ya kupuliza puani ya flutikasoni, ambayo ni ya jamii ya steroidi lakini inafanya kazi palepale puani na kiasi kinachoingia mwilini ni kidogo mno. Kwa mzio wa pua unaomvuruga mtu usingizi na kazi, hii ndiyo dawa ya kuanza nayo, na ndiyo pekee kati ya zote tulizotaja inayotuliza uvimbe wenyewe, kuziba kukiwemo. Kasoro yake ni kwamba haina haraka. Inahitaji siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, ndipo mtu aone nguvu yake yote. Mtu aliyezoea matone yanayofungua pua kwa dakika tano anaona amedanganywa.

Kwa hiyo nilitumia muda mrefu kumfundisha kupuliza. Kichwa kiiname kidogo mbele, kisielekezwe dari. Mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, wa kushoto kwa la kulia, ili ncha ielekee upande wa jicho na isigonge ukuta wa kati, maana hapo ndipo watu wanapopata kutokwa damu. Asivute kwa nguvu kama ugoro. Ikishuka kooni imepotea. Kabla ya kupuliza aoshe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa.

Matone tuliyaacha kwa hatua: siku tano za kwanza tundu moja tu, usiku tu, lile jingine liachwe lipone. Kisha basi.

Siku ya nne alinipigia simu, saa tano usiku. Pua imeziba kama zege, mke wake amehamia chumba cha watoto kwa sababu ya kukoroma, na duka la jirani bado liko wazi. Nilijua anachoniomba. Nikamwambia kuziba huko si mzio, ni vishipa vinajifunza upya, ainue kichwa cha kitanda, aoshe pua tena, na tundu lile ambalo hakulitia tone litatangulia kufunguka. Sikuwa na uhakika kamili kwamba angevumilia. Alivumilia. Siku ya saba tundu la kulia lilifunguka, na siku ya 11 akalala usiku mzima.

Presha baada ya wiki moja bila sudoefedrini ilikuwa 146 kwa 90, na mapigo 78. Kliniki wakapandisha amlodipini hadi miligramu 10. Alipokuja Januari alikuwa 132 kwa 82. Mkojo ulirudi kuanza kwa wakati ndani ya siku chache tangu aache vile vidonge, ingawa walimkuta tezi dume imetanuka kiasi, na sasa wanaifuatilia. Bila kisanduku cha mtalii huenda angekaa miaka mingine mitatu bila kupimwa.

Oktoba iliyofuata alirudi kabla mjakaranda wa kwanza haujafungua, akaanza kupuliza flutikasoni wiki mbili mapema kama tulivyopatana. Msimu ule alipiga chafya, ndiyo, lakini aliendesha.

Safari hiyo hakuja peke yake. Alikuwa na kijana wa miaka 26, mwongoza wageni, macho mekundu na pua imeziba kabisa, anaondoka kesho yake kwa siku tano. Kabla sijafungua mdomo, mzee akamwambia, "Toa kila kitu mfukoni, weka hapa." Kijana alikuwa na vidonge viwili vya Piriton tu. Nikampima: 118 kwa 74. Hana presha, hana ugonjwa wa moyo wala wa macho, hana dawa nyingine yoyote. Kwake nilichanganya bila wasiwasi: loratadini ya asubuhi, flutikasoni, na oksimetazolini kwa siku tatu za kwanza ili apumue wakati dawa ya kupuliza inajijenga. Kila moja kwenye chombo chake, nikiwa nimezitenga makusudi, maana ya kuzibua ikifika mwisho wake aiache peke yake na nyingine ziendelee. Kwenye kidonge kilichounganishwa hilo haliwezekani.

Juu ya chupa ya matone niliandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya kuanza na tarehe ya kuitupa. Tangu siku ile ya Novemba hakuna chupa ya namna hiyo inayotoka kwetu bila tarehe mbili.